Risala ya Watu wa Dirishani kwa Mgeni Aliyekuja Kulifungua

Mgeni rasmi, uliyekalia kiti pekee chenye kitambaa. Mganga Mfawidhi wa zahanati yetu, uliyetuomba tusizidishe maneno. Ndugu mlioandamana na mgeni rasmi na mkagawiwa maji ya chupa. Na ninyi wenzetu mliofika tangu alfajiri mkakosa hata pa kuegemea: habari za asubuhi, ingawa tunaona imeshakuwa mchana.

Sisi tunaosimama mbele yako tunaitwa Watu wa Dirishani. Ni wagonjwa wanaokunywa dawa kwenye dirisha la huduma ya uraibu na afya ya akili katika zahanati hii, pamoja na mama zao, dada zao, watoto, wapwa na majirani waliochoka kuwasema wakaamua kuwasindikiza. Walioshika kalamu ni vijana waliorudi likizo kutoka shule za bweni, maana wazee walituambia, "Si ninyi mnaosomeshwa? Haya, andikeni." Mganga Mfawidhi kwa wema wake alitupa risala aliyosomewa mgeni aliyepita, akasema tubadilishe tarehe tu. Tulibadilisha tarehe. Kisha tukabadilisha na yaliyobaki.

KARIBU

Mheshimiwa, karibu sana. Tunakuomba usiuegemee ukuta ulio nyuma yako, kwa sababu rangi yake ni ya jana na koti lako ni jeusi. Maua yaliyo kando ya meza tunakuomba uyatazame vizuri sasa, kwani ni ya kuazima na yatarudi yalikotoka jioni. Zulia nalo lina mwenyewe. Cha kwetu hasa, katika vyote unavyoviona, ni lile benchi refu lililosukumwa nyuma ya tangi la maji ili lisiharibu picha, na lile dirisha.

Tungependa ulijue lile dirisha kama tulivyolijua sisi, kabla halijapakwa rangi. Kwa hiyo tuvumilie kidogo, tukurudishe nyuma.

TULIKOTOKA

Zamani chumba kile kilikuwa stoo ya magongo na vitanda vilivyovunjika. Ulikuja mradi wa wafadhili, magongo yakahamishwa, ukuta ukatobolewa dirisha, na nyuma ya dirisha akasimama Sista, nesi mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Alikuwa na jagi la maji lenye kifuniko, vikombe vidogo, na kibao cha mbao cha kuwekea viwiko. Kile kibao kilikuwa na mabonde mawili, moja kwa kila kiwiko, kwa jinsi watu walivyokiegemea. Mafundi wa jana wamekipiga randa kikawa sawa. Hatuwalaumu, hawakujua.

Kazi ya dirisha ilikuwa hivi. Aliyekuwa mraibu wa unga anapewa kila siku dawa ya maji kwenye kikombe kidogo. Dawa hiyo inamzuia asipate arosto, yaani yale maumivu na mitetemo inayomrudisha mtu kijiweni hata kama moyo wake haupendi. Aliyesumbuliwa na akili anapewa vidonge vyake. Na kwa kuwa zamani kuna wajanja waliokuwa wakificha dawa shavuni wakaenda kuiuza, kila anayekunywa lazima aseme kitu kabla ya kuondoka. Mwenye dawa mdomoni hawezi kusema sawasawa. Utaratibu huo uko kwenye kila dirisha la namna hii, wala si uvumbuzi wetu. Uvumbuzi wa Sista ulikuwa mmoja tu: alikataa mtu kurudia neno alilokwisha kulisema.

Hapa ndipo anapoingia Fundi.

Fundi ni fundi cherehani. Kwa baadhi yetu ni mjomba, kwa wengine ni jirani, na kwa wengi ni mtu aliyewahi kuondoka na kitu chao. Miaka ile ya unga aliuza kichwa cha cherehani, akabakiza miguu. Aliuza pasi ya dada yake. Aliuza sare za kwaya alizokuwa amepewa apunguze kiuno. Mwisho akauza mlango wa chumba chake mwenyewe, kisha akalalamika mtaani kwamba siku hizi wezi wamezidi.

Dada yake, ambaye mtaa mzima unamwita Dada Mkubwa hata wale waliomzidi umri, ndiye aliyemleta. Alimvuta kwa mkono wa shati kutoka kijiweni, nyuma ya karakana ya mbao, mpaka hapa. Fundi akanywa dawa yake. Sista akamwambia aseme kitu.

Fundi akaguna.

"Kuguna hata mbuzi anaguna," Sista akamwambia. "Sema neno."

Fundi akageuka. Dada Mkubwa alikuwa amekaa benchini, mkoba wake ameukumbatia tumboni kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyoukumbatia mkoba karibu na mwizi. Fundi akamwona alivyoukumbatia.

"Samahani," akasema.

"Vizuri," Sista akajibu. "Hilo limeshatumika. Kesho uje na jingine."

Kesho yake Fundi akaja na "asante". Kesho kutwa akasema "karibuni", bila kueleza anatukaribisha wapi. Baada ya hapo maneno ya adabu yalimwishia, akabaki hana la kusema ila kweli.

"Dada, pasi yako niliiuza mimi," akasema siku iliyofuata, viwiko kwenye kibao, hakumtazama mtu.

"Nilijua," Dada Mkubwa akajibu kutoka benchini. "Endelea."

"Na sufuria kubwa..."

"Hiyo iweke ya kesho," Sista akamkatiza. "Foleni ni ndefu."

Mheshimiwa, hivyo ndivyo ilivyoanza. Watu walilala wakitafuta cha kusema. Fundi alikuwa akipita mitaani akinong'ona peke yake, na waliomwona wakadhani sasa amechanganyikiwa kabisa, kumbe anafanya mazoezi. Mwenye duka la vipuri vya pikipiki hapo jirani akawa anachelewa kufungua duka kwa makusudi, asimame ukutani kusikiliza. Sisi tulikuwa wadogo, tunapitishwa hapa tukiwa na sare za shule, tunakaa kwenye kona ya benchi tukiwa tumekatazwa kucheka. Tulikuwa tunacheka kwa ndani mpaka mbavu zinauma.

Alikuwepo Dereva, aliyekuwa akiendesha lori kabla unga haujaanza kumwendesha yeye. Dereva na Fundi walishindana. Fundi akisema jambo watu wakicheka, Dereva hali raha siku nzima.

"Sista, leo dawa umeitia maji," Dereva alisema asubuhi moja.

"Bomba limekatika tangu jana. Maji ningeyatoa wapi?"

"Kwenye macho ya mke wangu. Jana nilimpelekea mshahara wangu mzima, hajaacha kulia mpaka sasa."

Benchi likaangua kicheko. Halafu likanyamaza, maana tulielewa wote pamoja kwamba hakuwa akitania. Mshahara kweli ulikuwa umefika nyumbani, kwa mara ya kwanza tangu watoto wake wazaliwe. Fundi, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, akasema, "Leo umenishinda," akaondoka kwenye mstari akaenda kusimama mwisho ili apate muda wa kufikiri upya.

Na alikuwepo Mwalimu wa Hesabu, aliyekuwa amelala na huzuni chumbani kwake mpaka godoro likachukua umbo lake. Yeye alikuwa akipewa vidonge. Alipotakiwa aseme neno akasema, "Moja." Siku ya pili, "Mbili." Sista alipogundua kwamba namba haziishi na kwa hiyo mtu huyu hatarudia neno mpaka kiama, alimwambia, "Mwalimu, wewe unanichezea." Lakini alimwacha. Akaendelea hivyo hivyo, anafika, anataja namba yake, anaondoka. Kisha asubuhi moja, hatujui kwa nini, alimeza vidonge, akamtazama Sista usoni, akauliza, "Na wewe, umeamkaje?"

Sista alijifanya anatafuta kifuniko cha jagi, akainama muda mrefu. Alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu. Dereva akasema lile ndilo neno bora la mwaka, na Fundi hakubisha.

TUNAYOJIVUNIA

Tunajua sehemu hii ya risala hupambwa kwa takwimu. Takwimu anazo Mganga Mfawidhi, na tunamwachia yeye azisome kwa sauti yake nzuri. Sisi tunajivunia mambo tuliyoyaona kwa macho.

Tunajivunia kwamba Dada Mkubwa alianza kuuweka mkoba wake kando, juu ya benchi, kati yake na Fundi. Hakutangaza. Siku moja tu tuliuona umekaa pale wazi, na hakuna aliyethubutu kuutaja.

Tunajivunia kwamba Fundi alikusanya fedha za viraka na vifungo, akanunua kichwa cha cherehani, akakirudisha juu ya miguu yake. Chumba cha mbele cha nyumba ya Dada Mkubwa kikarudi kuwa chumba cha ushonaji: meza ya kukatia, chaki, vipande vya vitambaa sakafuni, pasi mpya inayofuka. Ukipita barabarani unasikia cherehani inakimbia. Dada Mkubwa alikuwa akituambia tupunguze redio ili asikie ile sauti. Alisema ndiyo redio yake.

Tunajivunia, au tuseme tulikuwa tukijivunia, Mshauri. Huyo alikuwa kijana mshauri nasaha aliyekuja na mradi, mwenye baiskeli iliyokuwa ikipiga kelele kila mahali isipokuwa kwenye kengele. Mtu akikosekana dirishani, Mshauri anapanda baiskeli mpaka kwake. Hakuwa akigomba. Alikuwa akibisha hodi na kusema, "Nimetumwa kuchukua neno lako." Mtu anaweza kumkimbia polisi, akamkimbia mchungaji na shehe, akamkimbia hata mama yake. Ni vigumu kumkimbia mtu aliyekuja kuchukua neno. Utamwambia "toka hapa", na hapo umeshamjibu, anakwambia, "Basi twende ukaliseme dirishani, mimi Sista haniamini."

Mheshimiwa, zilikuwa asubuhi nzuri. Hatusemi zilikuwa asubuhi za watu wenye afya tele. Kulikuwa na waliorudi kijiweni, na wapo wawili tuliowazika. Lakini kila siku dirisha lilifunguka, na kila siku kulikuwa na jambo jipya la kusikia. Huko bwenini, wenzetu walipokuwa wakikumbuka vyakula vya nyumbani, sisi tulikuwa tukikumbuka foleni ya zahanati. Hatukuwaambia. Wangetucheka, na ingetubidi tuwaeleze.

YALIYOTUPATA

Sasa tunaingia mahali ambapo Mganga Mfawidhi alituomba tupite haraka.

Mradi wa wafadhili ulikuwa na mwisho wake, kama miradi yote. Serikali ikasema italichukua dirisha iwe huduma yake, ikamtuma mgeni aje kuliona kwanza. Hakuwa wewe, mheshimiwa, alikuwa mwingine, mwembamba zaidi. Tulifanya kosa ambalo tunadhani mtu mwingine yeyote angeweza kulifanya, na tungependa kulieleza ili lisirudiwe.

Tulijipamba. Watu wa dirishani walikuwa wamedharauliwa mtaani kwa miaka mingi, kwa hiyo waliposikia mtu mkubwa anakuja, kila mmoja alitaka aonekane mtu. Dereva alinyoa. Mwalimu alivaa tai. Fundi alijishonea suti, hii hii unayoiona mstari wa tatu, na kwa kuwa ndiye aliyependeza kuliko wote, akapewa nafasi ya kuzungumza. Mgeni akamuuliza kwa upole, "Hali zenu vipi?"

Fundi akavuta pumzi. Ni mtu aliyekuwa amesema maneno mengi magumu kwenye lile dirisha, na hili lilikuwa jepesi, tena tamu.

"Mheshimiwa, mimi nimepona kabisa," akasema. "Sote unaotuona hapa, tumepona kabisa."

Tulishangilia sana. Dada Mkubwa alipiga vigelegele mpaka akakohoa. Mgeni akafurahi, akatupa mkono mmoja mmoja, akaondoka. Baadaye jibu likaja kwamba huduma imefikia lengo, wagonjwa wamepona, na kwa hiyo fedha ipelekwe penye uhitaji zaidi.

Tunaomba ieleweke vizuri, mheshimiwa. Fundi hakusema uongo. Alikuwa amepona kama mtu mwenye miwani anavyoona. Ukimvua miwani kwa sababu anaona vizuri, utakutana naye ukutani.

Basi nesi wa pili, aliyekuwa akimsaidia Sista, akahamishwa. Mshauri akashukuriwa kwa barua na kuagwa kwa soda. Baiskeli yake imeegemea huko nyuma, matairi yamelala. Dirisha likawa linafunguliwa baadhi ya siku tu. Siku nyingine tumeambiwa twende hospitali kuu, ambako gari huondoka asubuhi na kurudi likijisikia. Sista amebaki peke yake na foleni ile ile. Hana tena nafasi ya kusikiliza. Siku hizi mtu anameza, anasema "aa" kama mtoto anayekaguliwa koo, anasogea. Tunasema "aa" sote. Juzi tu Fundi na Dereva walifuatana dirishani, "aa" na "aa", wakatazamana kama watu waliosahauliana majina.

Hatusemi serikali haitoi kitu: dirisha imelikarabati, ndilo ulilokuja kulifungua. Kila mwaka siku ya kupiga vita dawa za kulevya tunaletewa fulana. Tunazo fulana nyingi mno. Dada Mkubwa anadekia sakafu kwa fulana iliyoandikwa "Maisha Kwanza". Sera ya huduma hizi tumeisoma bwenini, maana maktaba ilikuwa nayo, na ni sera nzuri yenye jalada gumu. Inasema kila mgonjwa wa uraibu na wa akili atapata huduma karibu na anapoishi. Tunaiamini. Tunachouliza ni nani anayelipwa kufungua dirisha.

Siku ambazo dirisha limefungwa na gari limekwisha kuondoka, Fundi hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Siku moja ya namna hiyo aliweka kazi chini, akatoka, akaelekea nyuma ya karakana ya mbao. Alifika mpaka kwenye kona. Waliokuwa pale wakamchangamkia, "Fundi! Karibu, tulikumisi." Hatujui kilichomgeuza. Yeye anasema ni mbwa. Alirudi anatetemeka, suruali imelowa jasho, akamwambia dada yake, "Nifungie."

Akamfungia kwenye chumba cha ushonaji na kuketi sakafuni upande wa pili wa mlango. Tulikuwa uani tunachambua mchele, tukasikia yote.

"Dada, umeondoka?"

"Nipo."

"Nimepata neno la leo."

"Utamwambia Sista kesho."

"Kesho nitakuwa na la kesho."

"Haya, sema."

"Nasikia baridi."

"Hilo ulilisema wiki iliyopita."

"Wiki iliyopita nilisema nasikia joto."

Dada Mkubwa akacheka, akajifunika uso kwa kiganja. "Endelea," akasema. "Niambie jingine."

Na tangu hapo hivyo ndivyo wanavyofanya kila siku dirisha likifungwa. Lakini Dada Mkubwa si nesi, mheshimiwa. Dawa hana. Ana ufunguo, na mgongo unaomuuma kwa kukaa sakafuni. Na mlango ule ni wa mbao nyepesi.

Tulipoanza kuandika risala hii tulimwendea Fundi chumbani mwake kumwomba ruhusa ya kumtaja. Alikuwa amekalia kiti cha cherehani, hashoni, anaviringisha chaki vidoleni.

"Niandikieni kwamba sijapona," akasema. "Andikeni kwamba niko vizuri nikipata dawa yangu kila siku, na mtu wa kuniuliza. Yule mgeni nilimwambia vibaya."

Mmoja wetu akamwambia, "Mjomba, watu watakucheka."

"Si walicheka nilipouza mlango?" akajibu. "Andika."

Tumeandika.

TUNAYOOMBA

Tunaomba dirisha liwe la serikali kweli, lenye mshahara wake katika bajeti, ili lisife kila mradi unapokufa. Tunaomba lifunguliwe kila siku, pamoja na sikukuu, kwa sababu arosto haijui sikukuu. Tunaomba nesi wa pili. Tunaomba Mshauri arudishwe, na kama yeye ameshapata kazi ya maana zaidi, basi aje mwingine wa aina yake, baiskeli ipo. Tunaomba katika sera paongezwe mstari mmoja unaosema kwamba mtu akionekana anaendelea vizuri, hiyo ndiyo sababu ya kuendelea naye. Fulana hatuombi.

Tulikuwa na mengine. Lakini kuna ombi moja ambalo lazima liende kwanza, na tumeliacha mwisho kwa kuwa ndilo tuliloliandika asubuhi hii, penseli juu ya goti.

Mheshimiwa, jana ilikuwa siku ya dirisha kufungwa. Leo ni siku ya kufunguliwa. Watu hawa walifika alfajiri wakakuta dirisha jipya limepakwa rangi nzuri ya bluu, na mbele yake umefungwa utepe mwekundu wenye ua katikati. Dada Mkubwa alimfuata Mganga Mfawidhi.

"Daktari, si wanywe tu, kikombe kipite chini ya utepe?"

"Mama, dirisha bado halijafunguliwa rasmi."

"Mbona juzi lilikuwa wazi?"

"La juzi lilikuwa la zamani."

Hatumlaumu. Ameambiwa utepe usiguswe na mtu mwingine yeyote, naye ni mtu wa kutii. Ratiba inasema baada ya risala ni nasaha za viongozi, kisha kwaya, kisha hotuba yako, kisha picha ya pamoja, na kukata utepe ni mwisho kabisa. Ratiba hiyo ilipangwa wewe ukiwa unatarajiwa asubuhi. Umechelewa kwa kazi nzito za taifa, hilo tunalielewa.

Lakini tafadhali tazama mstari wa tatu. Ukiona watu wanapiga miayo, machozi yanawatoka, wanajifuta pua na kujikuna mikono, usidhani wanaidharau hadhara yako. Yule mwenye suti, anayetokwa na jasho kama aliyenyeshewa, ndiye Fundi. Ndiye aliyepangiwa kukutolea neno la shukrani. Yule mama aliye karibu naye ni dada yake, na ukiona amemshika mkono wa koti, ni kwa sababu tangu tuanze kusoma ukurasa huu ameinuka mara mbili, na lango la kutokea liko wazi, na nyuma ya karakana ya mbao watu wapo kila siku, hawana ratiba.

Na ukitazama kwenye upenyo kati ya mbao mbili za dirisha utamwona Sista. Yuko ndani tangu alfajiri. Vikombe amekwisha kuvipanga.

Hotuba yako tutaisikiliza, mheshimiwa. Tutaisikiliza yote, na tutapiga makofi mahali pote panapotakiwa na hata pasipotakiwa. Tunaomba tu utepe uukate sasa, kabla ya nasaha, kabla ya kwaya, kabla ya picha. Picha wapige wakati unakata, haitaharibika.

Mwenyezi Mungu akupe afya ya mwili na ya akili, wewe na wote wa nyumbani kwako, asikupungukie mtu wa kukufungulia siku utakapobisha. Tumeishia hapa kusoma, na hatutaketi mpaka utakaposimama. Mkasi uko kwenye sinia, mkono wako wa kulia.

Ni sisi,
Watu wa Dirishani.